Timu ndogo ya programu huria: tuanze na lipi, tuache lipi?

Mtunza Manukuu aliuliza:

Wadau, naomba mawazo yenu. Mimi ni mmoja wa watunzaji wa programu huria ya kuhariri manukuu ya video, yaani maandishi yanayoonekana chini ya picha. Sote ni wa kujitolea; kila mmoja ana ajira yake, na muda anaoutoa kwa mradi ni ule unaobaki baada ya majukumu mengine, leo upo, kesho haupo. Foleni ya tiketi, yaani maombi na ripoti za watumiaji, inazidi kurefuka, na sasa kuna mambo matatu yanayowania macho ya watu wale wale. La kwanza ni ombi la mandhari meusi, yaani skrini ya programu iwe na rangi nyeusi, lililopigiwa kura na watumiaji wengi kuliko ombi lingine lolote. La pili ni mchango mkubwa wa msimbo kutoka kwa mgeni, unaoiwezesha programu kusoma aina nyingine ya mafaili; umeandikwa kwa ustadi, ila haukuja na majaribio, yaani msimbo wa kuhakiki kwamba unafanya kazi ipasavyo. La tatu ni ripoti ya mtu mmoja tu, anayesema kwamba akihifadhi faili ambalo jina lake lina herufi za Kiarabu, programu hulifuta la zamani, hushindwa kuandika jipya, kisha hujifunga, na kazi yake yote imekwenda.

Tutumie kigezo gani kupanga? Na tumjibu nini mgeni aliyetuletea kazi yake kwa moyo mweupe, ilhali tunajua hatutaweza kuipitia hivi karibuni?

Foleni Fupi alijibu:

Mleta mada, anza na hilo la tatu, wala usihesabu ni wangapi wameliripoti. Mradi wa Debian, unaotengeneza mfumo endeshi huria, una ngazi saba za uzito wa hitilafu, na upotevu wa data umetajwa waziwazi katika ngazi mbili za juu kabisa. Idadi ya walalamikaji haimo katika maelezo ya ngazi hizo. Mantiki yake naiona ni sahihi, kwa sababu aliyepoteza kazi yake anaweza kuiacha programu kimya kimya asirudi hata kutoa taarifa, na huyo mmoja aliyeandika huenda anawasemea wengine.

Tena tiba yake haihitaji mtu anayeifahamu programu nzima. Programu iandike kwanza faili la muda katika folda ile ile, ihakikishe limekamilika diskini, ndipo ilibadilishe jina lichukue nafasi ya lile la zamani. Uandishi ukikwama katikati, la zamani linabaki salama. Suala la herufi zenyewe mnaweza kulichunguza baadaye kwa utulivu.

Mpitia Msimbo alijibu:

Nakubaliana na Foleni Fupi, ila swali hili lina mzizi wa chini zaidi. Katika timu ya kujitolea hakuna anayeweza kumwamuru mwenzake. Mkimzuia anayependa kutengeneza mandhari meusi, saa zake hazitahamia kwenye hitilafu ya mafaili, ataondoka nazo. Mwacheni afanye. Mnachoweza kukipanga ni kile mnachokimiliki kwa pamoja, yaani mapitio ya msimbo, uamuzi wa lini toleo litoke, na ahadi mnazowapa watumiaji. Uandishi unaweza kugawanywa kwa watu wengi, lakini mapitio hurudi kwa wale wawili watatu wanaoujua mradi, na muda wa hao ndio adimu kuliko wote.

Kwa hiyo mchango wa mgeni usipimwe kwa ubora wa msimbo peke yake. Ulizeni ni nani atakayeutunza mwandishi akishaondoka. Lugha ya programu ya Python, pamoja na ukubwa wake, iliondoa moduli (vipande vya msimbo) 19 kutoka maktaba yake sanifu katika toleo la 3.13 la mwaka 2024, kwa kuwa zilikuwa zimepitwa na wakati na kuzitunza kulikuwa mzigo. Mjibuni mgeni mapema, hata kabla ya kusoma mstari mmoja: mshukuruni, mwambieni kwamba mapitio hayataanza kabla ya toleo lijalo, mwombeni aongeze majaribio na autenganishe mchango, sehemu ya kusoma mafaili ije kwanza na ya kiolesura, ile anayoiona mtumiaji, ifuate, kisha mwulizeni kama yuko tayari kushughulikia hitilafu zitakazojitokeza humo. Nimeona wachangiaji wakivumilia kukataliwa. Ukimya wa miezi hawauvumilii, na wana haki.

Kuhusu tiketi ambazo hakuna wa kuzigusa, tazameni utaratibu wa curl, programu huria ya kuhamisha data mtandaoni: hitilafu halali isiyo na mtu wa kuishughulikia huandikwa katika waraka wa hitilafu zinazojulikana, na tiketi yake hufungwa. Hakuna kinachofichwa, na foleni inabaki na yale yanayofanyiwa kazi kweli.

Zamu ya Usiku alijibu:

Naongeza jambo moja kuhusu kura na shinikizo. Mtunzaji wa XZ Utils, programu huria ya kubana mafaili, alikuwa amechoka, na mwaka 2022 watu walimwandikia hadharani wakimlaumu kwa kuchelewa. Mtu aliyejiita Jia Tan akapata nafasi ya kuwa mtunzaji mwenza, na mwaka 2024 matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 yakatoka yakiwa na njia ya siri ya kuingilia mifumo. Mhandisi wa programu Andres Freund aliigundua baada ya kuona kuingia kwa SSH, njia ya kuingia kwenye kompyuta nyingine kwa mbali, kunachelewa takriban nusu sekunde. Anayepaza sauti kuliko wote asipewe kupanga foleni yenu, na mwenzenu akisema amechoka, mpunguzieni majukumu siku hiyo hiyo.

Mtunza Manukuu alijibu:

Nawashukuru sana. Marekebisho ya faili la muda nimeshayaanza, na toleo lijalo halitatoka bila hayo. Mandhari meusi yatakuwa ya yeyote anayeyapenda, kwa sharti kwamba mapitio yake yatangoja. Mgeni nimemwandikia; amekubali kuleta majaribio, ila kuhusu utunzaji amesema atajibu baadaye. Mpitia Msimbo, akisema hawezi kuutunza, mchango wake ungeuacha nje moja kwa moja, au ungemshauri autoe kama kiendelezi kinachojitegemea, yaani nyongeza ya kuchomekwa kwenye programu?

Mpitia Msimbo alijibu:

Kiendelezi, iwapo programu yenu ina mahali pa kukichomeka. Kama haina, msipajenge kwa ajili ya mchango huu mmoja.