Nibaki chuoni nifundishe, au niende masta Leiden nitafute kazi kwenye mahakama za kimataifa?

Mtoto_wa_Ngaramtoni: Wakuu, habari za jioni. Nina barua mbili mezani: ya chuo kimoja hapa nchini, ukufunzi msaidizi kitivo cha sheria, na ya Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, masta ya sheria za kimataifa. Ndoto yangu ni sheria za kimataifa. Majibu yanatakiwa mwisho wa mwezi. Nishike ipi?

MzeeWaKanuni: Hujasema nani analipa. Hujasema kama umepita Shule ya Sheria ukaapishwa kuwa wakili. Tukushauri juu ya nini?

DadaWakili: Shika chuo, mdogo wangu. Prof. Chris Maina Peter alifundisha sheria Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kuanzia 2012 akakaa kwenye Tume ya Sheria ya Kimataifa ya Umoja wa Mataifa. Prof. Phoebe Okowa, Mkenya aliyekuwa akifundisha London, alichaguliwa tume hiyohiyo 2021, mwanamke wa kwanza kutoka Afrika. Wajumbe ni 34 dunia nzima, wanakutana Geneva wiki kadhaa kwa mwaka. Mwalimu anabaki na darasa lake.

Baba_Neema: Mimi niliuza shamba la baba nikaenda masta Ulaya. Nilifaulu vizuri. Nikapata mafunzo kazini kwenye taasisi moja ya kimataifa, miezi sita bila posho, chumba kimoja watu watatu. Ukaja mkataba wa miezi mitatu, ukaongezwa mara moja, ukaisha. Kila nafasi niliyoomba ilitaka miaka mitano ya kuendesha kesi, na mimi sikuwahi kusimama mbele ya hakimu hata siku moja. Nikarudi kuanza Shule ya Sheria na vijana niliowafundisha tuisheni wakiwa kidato cha nne. Baba alifariki, shamba halijarudi hadi leo. Apishwa kwanza, ndugu yangu.

Mpare_wa_Same: Pole sana, kaka. Lakini mbona wote mnaangalia Ulaya? Hukumu ya Akayesu wa Rwanda ya 1998, mara ya kwanza mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa mauaji ya kimbari, ilisomwa Arusha! Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu ipo hapo, ya Afrika Mashariki ipo.

DadaWakili: Ipo, ila 2019 Tanzania ilijitoa kwenye tamko la kuwaruhusu wananchi kufungua kesi Mahakama ya Afrika moja kwa moja. Inaniuma mpaka leo.

Mpare_wa_Same: Hilo ni la kufungua kesi, dada. Yeye anauliza kazi.

DadaWakili: Kesi za wananchi ndizo zilizowapa mawakili wetu kazi pale!

Mtoto_wa_Ngaramtoni: Samahani, nilikuwa safarini. Ufadhili ni wa ada tu, kujikimu juu yangu. Shule ya Sheria bado.

MzeeWaKanuni: Hayo ungeyasema mwanzo. Waandikie Leiden, uliza kama nafasi inaweza kusogezwa mwaka mmoja. Na Kifaransa unajua? Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague, inatumia Kiingereza na Kifaransa.

Mtoto_wa_Ngaramtoni: Sijui hata salamu, mzee wangu.

Mpare_wa_Same: Kwa Arusha anza Alliance Française, kituo cha kufundisha Kifaransa. Mwenye kujua ada ya sasa aiweke hapa, hata mimi naihitaji.