Ushauri tafadhali: nimpeleke mdogo wangu Jungfraujoch kwa treni ya meno?

Msukuma wa Basel (mleta mada)
Habari za usiku wakuu. Nafanya kazi Basel, Uswisi. Mdogo wangu wa kike amekuja kutoka Mwanza, na viza yake inaisha mwishoni mwa mwezi huu wa pili. Tangu utotoni anasema kabla hajafa lazima akanyage theluji. Nimeshamkatia tiketi ya treni ya meno kutoka Interlaken mpaka Jungfraujoch, ile inayopita ndani ya mlima Eiger. Hofu yangu ni ule mwinuko. Treni haiwezi kurudi kinyumenyume? Na kule juu kuna mahali pa kukaa mtu akichoka? Mliofika nitoeni wasiwasi, usingizi siupati.

Fundi Mitambo
Ondoa shaka mkuu. Katikati ya reli mbili kuna ya tatu yenye meno, na chini ya behewa kuna gurudumu la meno linaloing'ata. Bila hiyo, magurudumu ya kawaida yangezungukia palepale. Uswisi wanafanya hivyo tangu Niklaus Riggenbach alipofungua reli ya mlima Rigi mwaka 1871. Ila ukitaka maajabu nenda mlima Pilatus. Mwinuko unafika asilimia 48, hakuna reli ya meno duniani inayoushinda. Eduard Locher alihofia gurudumu litapanda juu ya meno na kuchomoka, akayalaza meno ubavuni, magurudumu mawili yakaibana reli kushoto na kulia. Inafanya kazi tangu 1889. Badilisha tiketi, uende Pilatus!

Dada wa Luzern
Fundi, usimpoteze mwenzio. Treni ya Pilatus haitembei majira ya baridi.

Mjukuu wa Lushoto
Mmenikumbusha kwetu. Wajerumani kule Usambara waliteremsha mbao za msituni kwa kamba ya chuma kutoka Neu-Hornow mpaka Mkumbara, zinapakiwa kwenye reli ya Tanga. Wazee wetu walisimulia kwamba watoto walikatazwa kupita chini yake, na bado walipita. Sisi milima tunayo, treni za kuipanda hatuna. Inaniuma kila nikisoma nyuzi kama hizi.

Mlezi
Nauli ya huko juu ni ada ya mtoto wa sekondari. Theluji itayeyuka, ndugu yangu. Mnunulie cherehani.

Nesi Kanda ya Ziwa
Mleta mada, mimi nimeganda kwenye swali lako la pili, na wote wamelipita. Umeuliza mahali pa kukaa akichoka. Binti mdogo anachokeshwa na nini kwenye treni?

Msukuma wa Basel
Ni mzima tu dada. Anatumia vidonge vyake, basi.

Nesi Kanda ya Ziwa
Vidonge gani?

Msukuma wa Basel
Hydroxyurea na foliki. Ana selimundu (siko seli). Sikutaka kuandika mambo yake hadharani. Lakini hajalazwa muda mrefu, na kwenye ndege hakuumwa hata kidole. Tiketi nimelipa na hairudishwi. Nimefikiria tushuke Eismeer, kituo cha kabla ya Jungfraujoch, tusifike juu kabisa.

Nesi Kanda ya Ziwa
Kaka yangu, nisikilize. Ndani ya ndege hewa hushindiliwa, hata ikiruka juu sana, abiria wako kama watu walio mita 2,400 hivi au chini yake. Jungfraujoch ni mita 3,454. Kila pumzi unapata kama theluthi mbili tu ya oksijeni ya pwani. Eismeer nayo ni 3,160, hujamsaidia kitu. Anayepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu hulala kwanza kibanda cha Mandara, mwili uzoee, kabla ya kwenda kile cha Horombo. Nyie mnataka kufika karibu na kimo cha Horombo kwa saa mbili hivi, mmekaa kwenye kiti. Oksijeni ikipungua, chembe za damu ya mdogo wako zinajikunja, zinaziba mishipa, na baridi inaongeza. Nimeshika mikono ya watoto wakilia kwa maumivu hayo. Usimpandishe.

Komredi Kisiki
Hii ni chai. Mtu anaishi Basel na hajui kwamba hakuna treni inayotoka Interlaken moja kwa moja hadi Jungfraujoch? Unabadilisha mpaka Kleine Scheidegg, ndipo unapanda ya Jungfrau. Halafu ugonjwa unaibuka katikati ya uzi, watu waanze kulia. Lete picha ya tiketi.

Mjukuu wa Lushoto
Hata mimi nimeanza kusita. Mkuu, jitetee.

Msukuma wa Basel
Tiketi imeandikwa Interlaken Ost hadi Jungfraujoch, nikaandika nilichokisoma. Picha siweki, ina jina lake. Kiboksi chake cha vidonge chenye vyumba vya siku saba kiko hapa mezani, na hata ndani ya nyumba anashinda amevaa glavu kwa sababu vidole vikipoa vinaanza kuuma. Usiniamini Komredi, lakini mdogo wangu usimfanye hadithi.

Dada wa Luzern
Tiketi huuzwa hivyohivyo, kubadilisha ni njiani. Msukuma, ulizia kama yako inaruhusu kupitia Lauterbrunnen. Hapo ni mita 796, na treni ya kupanda Wengen ni ya meno vilevile, reli ya mwaka 1893. Wengen ni mita 1,274, juu kidogo tu ya Mwanza kwenu. Kijiji hakina magari barabarani, na mwezi wa pili theluji huwa ipo. Shukeni hapo, msiendelee.

Msukuma wa Basel
Ila nilimwahidi kilele.

Nesi Kanda ya Ziwa
Yeye mwenyewe umemuuliza?

Msukuma wa Basel
Nimemuuliza sasa hivi. Anasema hilo jina Jungfraujoch hata kulitamka hawezi, yeye anataka theluji. Nesi, hata kwa Wengen nianze kwa daktari?

Nesi Kanda ya Ziwa
Anza kwa daktari wa damu, kabla hamjapanga siku. Akikubali, mvishe nguo nzito, anywe maji njia nzima hata kama hana kiu, na vidonge viwe mfukoni mwake, visiachwe kwenye begi. Akisikia maumivu au homa, msisubiri treni inayofuata, ombeni msaada hapohapo stesheni.