Mjadala: Serikali ibane mitandao ili uzushi ukome?

MWANAMAJI: Uzushi umezidi, sheria ibane. Kanuni za Tanzania za maudhui ya mtandaoni za 2018 zililenga pazuri, mkapiga kelele. Anayezusha alipe milioni 5 au ale miaka 10. Basi.

KIDAGAA: Umechanganya mafaili, mkuu. Miaka 10 iliwekwa na Kenya, kifungu cha 23 cha sheria yao ya makosa ya mtandao ya 2018, tena kama kiwango cha juu. Ya Bongo ni Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16: faini isiyopungua milioni 5, au jela isiyopungua miaka 3, au vyote. Kanuni unazozisifia zilileta leseni: ombi 100,000, leseni milioni 1, ada ya mwaka milioni 1. Bloga mwenye laptop moja kafunga duka, wakati uzushi unapikwa na wazee kwenye magrupu ya ukoo, na huko hakuna anayeombwa leseni.

SHANGAZI WA TANGA: Wazee tena! Zile picha zenye nembo bandia ya televisheni nani anazitengeneza, babu yako?

KIDAGAA: Shikamoo shangazi. Kutengeneza hapana, ila kusukuma mbele mnaongoza.

SHANGAZI WA TANGA: Marahaba. Sikiliza basi. Ujumbe uliopita mikono mitano unakuja na mishale miwili, na tangu Aprili 2020 WhatsApp inakuruhusu kuupeleka chati moja tu kwa mara. Mjanja anapiga skrinshoti, anaituma kama mpya, mishale inapotea na hesabu inaanza sifuri. Mzee gani ana ujanja huo?

FUNDI JUMBE: Hapo Kidagaa umepigwa chenga 😂 Niongeze: msihangaike kutafuta tarehe ya kupigwa ndani ya picha iliyopita WhatsApp, tarehe hiyo huwa imeshafutwa. Kwa video, simamisha penye kibao cha duka au namba ya gari, piga skrinshoti mbili tatu, peleka Google Lens, ile zana inayotafuta mtandaoni kwa kutumia picha. Wengi wanakosea kuacha maandishi yaliyobandikwa juu, Lens inayafuata hayo. Yakate kwanza.

MWANAMAJI: Yote hayo kazi ya raia. Mimi nimeuliza serikali.

WAKILI KIMYA: Ibane kwa lipi? Kifungu cha 16 kinataka ithibitishwe kwamba mtu alijua ni uongo na alikusudia kupotosha au kukashifu. Aliyesambaza kwa kuamini hanaswi kirahisi, na aliyetunga katumia laini isiyo yake. Anayebaki ni mwenye blogu, kwa kuwa jina na anwani yake viko kwenye fomu ya leseni.

MWANAMAJI: Wakili anatetea wazushi sasa.

WAKILI KIMYA: Nimesoma kifungu. Wewe umesoma adhabu tu, tena ya nchi jirani.

SHANGAZI WA TANGA: Fundi, achana nao. Hiyo Lens kwenye simu inakaa wapi?

FUNDI JUMBE: Fungua programu ya Google, shangazi, gusa alama ya kamera pembeni ya sehemu ya kutafutia, halafu chagua picha. Iwe umeshaihifadhi kwenye simu.