Shughuli gani za mimea na wanyama hapo nyumbani zinamjenga mtoto tabia?

MamaWawili: Habari zenu wapendwa. Nina watoto wa miaka 9 na 6, tumepanga hapa Dar, uwanja wenyewe saruji tupu. Likizo hii sitaki washinde kwenye tivii, na zaidi nataka wajifunze subira na huruma maana mkubwa hawezi kabisa kusubiri kitu na mdogo akiona paka tu anaokota jiwe. Kusema nimesema mpaka nimechoka. Kuna shughuli ya mikono isiyo na gharama?

MkulimaWaKiroba: Dada anza na mchicha kwenye viroba vya mchele. Toboa chini, jaza udongo na samadi, mbegu zake ni ndogo sana kwahiyo wachanganye na mchanga kidogo ndo wamwage, la sivyo zinarundikana sehemu moja. Siku 3 mpaka 5 zinachipua, wiki ya 3 au ya 4 mnachuma. Kila mtoto awe na kiroba chake, maana cha wote atakayemwagilia ni wewe. Na akisahau usimwagilie kimyakimya usiku, acha akute majani yamelegea, amwagilie mwenyewe, kesho yake aone yamesimama. Huyo mkubwa lazima atataka kufukua aone kama zimeota, basi mpe kunde kwenye glasi yenye pamba iliyolowa maji, mizizi ataiona bila kufukua.

Ticha_Chekechea: Naongezea kwa huyo wa paka. Wengi watakwambia mnunulie kifaranga, mimi nakataa, mtoto wa miaka 6 akipenda anabana na kifaranga kinakufa mkononi. Awe anaweka maji kwenye kibakuli kila asubuhi, alafu mkae mbali kidogo mwangalie paka anavyolamba, masikio yanavyogeuka akisikia kelele. Muulize, unadhani anaogopa nini? Usimjibie.

UmmuZ: Nakubaliana na ticha. Huku Unguja paka wamejaa, wanangu niliwahadithia kile kisa cha mtu aliyeshuka kisimani akajaza maji kwenye kiatu chake akamnywesha mbwa mwenye kiu, Mwenyezi Mungu akamsamehe, basi kibakuli chetu hakikauki. Na huo mchicha shoga angu, fungu la kwanza wapeleke kwa jirani kwa mikono yao, hata kama ni kidogo. Pipi za kuwatunza usitoe, watazoea kufanya jambo kwa malipo.

MamaWawili: Jamani asanteni sana, hilo la jirani nimelipenda mno, tuna bibi hapa anaishi peke yake. Viroba ninavyo, samadi napata wapi mjini?

MkulimaWaKiroba: Ulizia wanaofuga ng'ombe au kuku mtaani kwenu, wengi wanatoa bure. Chukua iliyooza ikawa nyeusi na haina harufu kali, mbichi inaunguza miche. Na watoto wanawe mikono kwa sabuni wakimaliza.