Tupeane uzoefu: boksi la vifaa la karakana ya nyumbani, lipi ni imara kweli?

Mzee wa Spana
Wakuu salama? Naomba tufungue mada ya maboksi ya vifaa, hasa yale makabati ya droo ya kuweka kwenye karakana ya nyumbani, manake kila siku watu wanaulizia drili gani nzuri, grainda gani nzuri, lakini pa kuvitunzia hakuna anayeuliza. Vifaa vingi nilivyoona vimekufa vimekufa kwa kutunzwa vibaya, kazi haikuviua. Nimefanya magari muda mrefu na sasa hivi niko zaidi na karakana yangu ya nyumbani, na msimamo wangu ni huu: uimara wa kabati uko kwenye reli za droo na kwenye magurudumu. Rangi haibebi uzito.

Kuna gereji nilipita, kabati kwa nje linang'aa kama limetoka dukani jana, ila droo ya soketi haifunguki mpaka muwe wawili, mmoja ashike mwili wa kabati mwingine avute. Reli zake zilikuwa bati linateleza juu ya bati, gololi hakuna, na bati likishalika kidogo tu droo inakaa upande na ukiilazimisha ndio unaimaliza kabisa.

Kwa hiyo nikienda kuangalia kabati, cha kwanza navuta droo mpaka mwisho nione inatoka yote au inabakiza robo ndani, manake hiyo ya kubakiza utaichukia, vitu vya nyuma unavitafuta kwa ncha za vidole. Halafu naikandamiza kwa mkono upande wa mbele kwenda chini. Ikilegea au ikalia naachana nayo. Mtengenezaji anayejiamini anaandika kila droo inabeba kilo ngapi, na kilo 45 kwa droo ni kiwango kizuri kwa mtu wa nyumbani, na ile droo pana ya chini ya vitu vizito ni bora ipewe reli mbili kila upande. Haya, nyie mnatumia nini na limekaaje?

Mama Soketi
Mzee shikamoo, na asante kwa mada. Kwenye reli nakuunga mkono, ila usisahau bati lenyewe. Unene unaandikwa kwa geji na namba inawachanganya watu, manake namba ikipanda bati linapungua. Geji 18 ni kama mm 1.2, geji 20 ni kama mm 0.9, geji 22 inashuka kwenye mm 0.75 hivi. Mwili wa kabati ukiwa geji 18 unatulia hata ukiligonga, droo zikiwa geji 20 si mbaya.

Sasa muuzaji mara nyingi hajui hiyo geji. Nilipokuwa natafuta la kwangu kulikuwa na makabati mawili urefu sawa, upana sawa, droo sawa, muuzaji anasema yote ni chuma tu dada, chukua unalolipenda. Nikaomba tuyanyanyue yakiwa matupu, upande mmoja mmoja, na tofauti ilionekana pale pale, moja lilikuwa jepesi mpaka nikashtuka. Hesabu yake haina siri: bati la chuma la mita moja ya mraba lenye unene wa mm 1 ni karibu kilo 7.85, kwa hiyo makabati ya ukubwa mmoja yakipishana sana uzito, hilo jepesi chuma chake ni chembamba, hakuna uchawi mwingine. Uzito mtupu huwa umeandikwa kwenye karatasi ya maelezo, uangalieni kabla hamjaangalia rangi.

Kingine piga jicho kwenye kona kwa ndani. Kona zilizochomelewa zinakaa muda mrefu, zilizokunjwa zikashikwa na skrubu chache zinaanza kucheza ukilisukuma sukuma.

Kijana Bisibisi
Wakuu mimi vifaa vyangu ni vichache, bisibisi, plaizi, seti moja ya spana na drili. Nalazimika kununua kabati la chuma kweli?

Mzee wa Spana
Hulazimiki mdogo wangu. Kwa vifaa hivyo chukua boksi la plastiki gumu, hasa yale yanayopangwa moja juu ya jingine na kushikana, ukipata kazi nje unachomoa moja unaondoka nalo. Angalia limeandikwa IP65, maana yake vumbi haliingii na likipigwa na maji yanayorushwa kwa mpira halipitishi. Ila usiliache juani mwaka mzima, plastiki ikipigwa jua sana inakauka na kupasuka, na bawaba na vishikio ndio vinatangulia.

Seremala wa Zamani
Mimi niwatetee wa mbao kidogo maana naona mmetusahau. Boksi ninalotumia niliachiwa na mwalimu wangu wa useremala, ni sanduku la kufunikwa juu, ndani lina trei za kuteleza, moja ya patasi, moja ya vitu vya kupimia, na randa zinakaa chini kabisa. Kona zake zimeungwa kwa meno ya mkia wa njiwa, hakuna msumari hata mmoja kwenye kona, na ukivuta upande kwa nguvu zako zote haiachii, kwa sababu umbo la meno lenyewe linazuia. Limehama nyumba nyingi na bado kifuniko kinakaa sawasawa.

Na mbao si jambo la kudharau, kule Gotland nchini Sweden mwaka 1936 mtu akiwa analima kwenye eneo lililokuwa kinamasi alikumbana na sanduku la vifaa la zama za Waviking, la mwaloni, urefu kama sentimita 90, limezungushiwa mnyororo, na kwenye ule ugunduzi vilipatikana vitu zaidi ya 200 pamoja na sanduku lenyewe, nyundo, misumeno, tupa, vya seremala na vya mhunzi pamoja. Miaka kama elfu moja hiyo. Kila nikisoma habari ile nafurahi kuona fundi wa wakati ule alibeba vitu vile vile ninavyobeba mimi.

Tahadhari tu kwa mtakaotengeneza la mbao: mwaloni unatoa mvuke wenye asidi, na chuma kikifungiwa humo bila mafuta kinashika kutu haraka, kwa hiyo tumia mbao nyingine iliyokauka vizuri au plaiwudi nzuri ya mm 18. Na vitambaa ulivyopakia mafuta ya kitani usivifungie ndani ya boksi hata siku moja. Vinajipasha joto vyenyewe vikiwa vimekunjwa mpaka vinawaka moto. Vianike nje vimetandazwa mpaka vikauke kabisa, au vitie kwenye kopo la chuma lenye maji na mfuniko.

Mama Soketi
Seremala hiyo ya vitambaa watu wengi hawaijui, asante sana.

Mchomeleaji
Mimi la kwangu nimejitengenezea, fremu ya skwea paipu, kuta za bati, reli nimenunua. Nawapa kitu kimoja ambacho ukikijua kazi inakuwa nyepesi. Reli nyingi za gololi za kufunga ubavuni zinataka nafasi ya mm 12.7 kila upande, kwa hiyo droo iwe nyembamba kuliko uwazi inamoingia kwa mm 25.4, usikadirie kwa jicho. Ukibana droo inakwama, ukiacha nafasi kubwa gololi zinatoka kwenye mfereji wake.

Fremu nayo ukiichomelea mfululizo upande mmoja joto linaivuta inapinda, kwa hiyo napiga nukta ndogo za kushikilia tu kona zote kwanza, napima kona kwa kona, vipimo viwili vya mshazari vikilingana ndio nachomelea kidogo kidogo nikihama upande. Fremu iliyopinda hata ufunge reli ya bei mbaya droo haitatembea. Faida ya kujitengenezea ni kwamba droo unazipanga kwa vifaa vyako, mimi vaisi yangu imekaa juu yake na nagonga humo bila wasiwasi.

Fundi Saa
Kwa sisi wa vifaa vidogo naomba mnisikilize kwenye suala la kina. Makabati mengi yana droo za kina kirefu nyingi mno na watu wanazipenda kwa sababu zinameza vitu, matokeo yake vifaa vinalaliana na unapekua. Spana, bisibisi, tupa, kalipa, vyote vinatosha kwenye droo ya kina cha mm 50. Tandaza vyote mezani kwanza, pima, hapo ndipo utajua unataka droo za kina kifupi ngapi na za kina kirefu ngapi. Kwangu za kina kirefu ni mbili tu, za drili na grainda.

Halafu kutu jamani. Naishi sehemu yenye unyevu mwingi hewani na nilichojifunza ni kwamba unyevu ukipita asilimia 60 hivi chuma kisicho na mafuta kinaanza kushika kutu, hata kama kabati limefungwa. Naweka zile karatasi za kuzuia kutu, zinazotoa mvuke wa kukinga chuma, kila droo, pamoja na vifuko vya kufyonza unyevu, na vifaa vya kupimia navifuta kwa mafuta mepesi kabla ya kuvirudisha. Na jasho la mikono lina chumvi, kalipa ukiishika ukairudisha hivyo hivyo utakuta alama za vidole vyako zimeganda kama kutu.

Kijana Bisibisi
Asanteni sana. Na magurudumu je? Mzee uliyataja mwanzo halafu ukayaruka.

Mzee wa Spana
Kweli nimeyaruka, tuyaongee. Chukua uzito wa kabati pamoja na vifaa vyote, gawa kwa tatu, usigawe kwa nne. Sakafu za nyumbani hazijanyooka, kuna muda gurudumu moja linaning'inia na matatu ndio yanabeba. Kabati likiwa na jumla ya kilo 300, kila gurudumu liwe linaweza kilo 100 au zaidi. Kipenyo kiwe inchi 5, yale madogo yanakwama hata kwenye kokoto. Mawili yawe ya kwenda mbele na nyuma tu, mawili yawe ya kugeuka kila upande yakiwa na breki.

Dereva Mstaafu
Naomba niongeze jambo la hatari maana hamjaligusa. Mwenzangu alikuwa amejaza droo za juu vitu vizito, chini hakuna kitu, akafungua mbili za juu kwa pamoja atafute kifaa, kabati zima likamjia. Alishukuru Mungu lilimkosa kichwa, bega ndio liliumia. Ukivuta droo nzito uzito wote unahamia mbele ya magurudumu, fizikia haibembelezi mtu. Tafuteni kabati lenye kizuizi, ukifungua droo moja nyingine hazifunguki, na vizito vyote viwe chini. Kama nyumbani kuna watoto lishikizeni ukutani kabisa, mtoto anapanda droo kama ngazi.

Kijana Bisibisi
Kitasa kinasaidia kwa watoto?

Dereva Mstaafu
Kinasaidia, funga kila ukitoka. Kizuri ni kile chenye fito la chuma nyuma linaloshika droo zote kwa pamoja, funga halafu jaribu kila droo kwa kuivuta kweli, kuna makabati droo ya chini kabisa huwa haishikwi. Kwa wezi lakini usikitegemee, kabati lenye magurudumu wanalisukuma zima zima. La kwangu nimepitisha mnyororo nyuma mpaka kwenye pete iliyochimbiwa kwenye zege.

Mchomeleaji
Na hiyo pete iwe imefungwa kwa bolti za kupanuka, mm 10 kwenda juu, zege liwe limeshakomaa. Anayetaka nimchoree vipimo vya fremu aseme ana nafasi ya upana gani ukutani.