Ukoo wa Magomeni: vitabu vya mwezi wa tatu

Dada Tausi: Asalaam alaykum wote, shikamooni wakubwa. Jamani mwezi wa tatu ndo huu, tarehe 8 siku ya wanawake, tarehe 21 siku ya ushairi duniani, na kila mwaka humu tunatumiana picha za maua na hongera mwanamke, kesho yake kimya. Mwaka huu naomba tusome. Jumamosi naenda Maktaba Kuu na watoto, nataka kila mtu anitajie kitabu kimoja, kiwe kaandika mwanamke au kinamhusu mwanamke, riwaya, mashairi, tamthilia, chochote kile, tukizungushe humu humu ndani ya ukoo mpaka kiishe muda wa kurudisha

Kaka Rashidi: Waalaykum salaam. Wazo zuri sana hilo dada. Ila wangu huyu wa form two kitabu kinene hata hakifungui, nitafutie kitu chembamba

Mwanaidi: Yesss da Tausi nimelisubiri hili miaka

Binamu Hawa (Houston): Mmenikumbusha, huku ndo msimu wake. Marekani mwezi wa tatu wote ni mwezi wa historia ya wanawake, Bunge lao lilipitisha 1987, alafu wa nne ni mwezi wa ushairi tangu 1996, kwa hiyo maktaba ya mtaani kwangu wamepanga meza mbili pale unapoingia, moja ya historia moja ya mashairi, ngoja niwatumie

Binamu Hawa (Houston): [Picha]

Binamu Hawa (Houston): Hicho cha mbele kabisa ni Phillis Wheatley. Huyu alichukuliwa Afrika Magharibi akiwa mtoto wa miaka saba au nane hivi, meno ya mbele ya utoto ndo yanang'oka, akauzwa Boston 1761, na hilo jina Phillis ni jina la meli iliyomleta. Akajifunza kusoma, akaanza kutunga, 1773 kitabu chake cha mashairi kikachapwa London maana Boston hawakukichapa, na bado mwanzoni mwa kitabu ikabidi iwekwe barua ya wanaume 18 wakubwa wa Boston, gavana yumo, wakithibitisha kwamba ni kweli haya kayaandika yeye. Mimi nilisimama pale mezani nikaisoma hiyo barua nikakasirika upya

Dada Tausi: Mtu unatunga shairi alafu unahitaji mashahidi 18!!

Shangazi Zuhura: Innalillahi. Mtoto wa meno ya utoto.

Shangazi Zuhura: Marahaba wanangu wote. Hawa ahsante mama, kitabu hicho ni haki kisomwe. Lakini sisi wa pwani tukisema mwanamke na ushairi tunaanzaje Boston tukaipita Siu. Mwana Kupona binti Msham, mke wa Bwana Mataka, kisiwa cha Pate huko Lamu, mwaka 1858. Yuko kitandani anaumwa mwaka mzima anajua haponi, anamwita binti yake Mwana Hashima anamwachia utendi wa beti mia na kitu. Mimi nilifundishwa na bibi yenu hapo hapo Magomeni uwani, tunachambua mchele yeye anaimba sisi tunaitikia, kitabu chenyewe nakuja kukiona nimeshaolewa

Negema wangu binti
mchachefu wa sanati
upulike wasiati
asa ukazingatia

Kaka Rashidi: Shangazi naisikia sauti ya bibi kabisa hapo

Mwanaidi: Shikamoo shangazi. Mie pia naupenda, lugha yake hakuna wa kumfikia. Ila naomba niseme kitu kwa heshima zote. Chuo tuliusoma beti kwa beti, na sehemu kubwa ni mke akae vipi na mume, akilala usimwamshe, umkande, umpepee, umfukize, na kuna pale anaposema siku ya kufufuliwa ataulizwa mumeo, akitaka uende peponi utakwenda, akisema motoni huna budi utatiwa. Sasa huyu wa kaka Rashidi ana miaka 14, tunampa tu ajisomee peke yake? Mie roho inasita

Dada Tausi: Swali la maana hilo

Anko Sefu: Niko njiani nasoma tu, endeleeni

Shangazi Zuhura: Marahaba mama. Hukukosea kuuliza na mimi siwezi kukwambia yale maneno hayamo, yamo. Lakini umeusoma kwa haraka. Rudi ubeti wa tatu

Ndoo mbee ujilisi
na wino na karatasi
moyoni nina hadithi
nimependa kukwambia

Anamwambia mwanawe njoo ukae na wino na karatasi. Mwaka 1858 Mwanaidi!! Mama anatunga, binti anaandika, hakuna mwanaume humo chumbani wa kuwashikia kalamu, na wala hakuna barua ya mabwana 18. Bibi zenu walikuwa wanaandika kabla hata Mjerumani hajaanza kututawala. Hilo ndo nataka mtoto wa Rashidi alijue, kabla ya yote

Shangazi Zuhura: Na kingine. Kuna mahali anasema huyo mume umtunze kama kijana asiyejua kunena. Kama mtoto mchanga. Mwanamke anayemtazama sheikh mzima wa Siu akaona mtoto wa kutunzwa, huyo usimchukulie kama mtu aliyepigwa akanyamaza, huyo anajua nyumba inaendeshwaje na nani anaiendesha

Mwanaidi: Hapo kwa wino na karatasi umenishika shangazi, wallahi. Sijawahi kuutazama ule ubeti hivyo, nilidhani ni mlango tu wa kuingilia. Ya mume bado sijakubali yote, mie naona tusome na watoto tukiwa pamoja, mtu akihoji ahoji, asiambiwe nyamaza

Shangazi Zuhura: Ahoji. Bibi yako alihojiwa sana na mama yako.

Dada Tausi: Basi mie naongeza cha kwenda nacho sambamba, Barua Ndefu Kama Hii. Mariama Bâ wa Senegal, kwa Kifaransa kilitoka 1979, kimetafsiriwa kwa Kiswahili. Ni mama anaitwa Ramatoulaye, mume kafariki, yuko ndani anakaa eda, na muda wote wa eda anamwandikia barua rafiki yake Aissatou. Anaeleza alivyoishi na huyo bwana miaka yote na watoto kumi na mbili, alafu mume akaoa rafiki wa binti yao. Rafiki wa binti yake wa kuzaa jamani. Nilipokisoma nilikuwa naona ile mitungi ya maji na wanawake wamejaa barazani, watu wanakuja kuhani, na huyu mama yuko katikati yao anatabasamu na moyoni anaandika. Hakuna mahali pa kueleza eda kwa mgeni, sie tunaijua. Mwana Kupona anamuusia binti anayeingia kwenye ndoa, Ramatoulaye anazungumza akiwa ametoka upande wa pili. Nataka visomwe vyote viwili na mtu yule yule

Binamu Hawa (Houston): Hicho nakumbuka nilikisoma kwa Kiingereza nikalia kwenye basi

Kaka Rashidi: Sawa mmeniliza na mie. Lakini chembamba hamjanipa bado

Mwanaidi: Kaka mchukulie Nguzo Mama, tamthilia ya Penina Muhando, 1982. Sio nene kabisa. Wanawake wa kijiji cha Patata wanataka kuisimamisha nguzo, wameshika kamba wanavuta, lakini kila mmoja ana lake, huyu mume kamkataza, huyu anasengenya, huyu anawaza biashara yake, nguzo inagoma. Wanaitwa Bi Moja, Bi Pili, Bi Tatu hivyo hivyo, na Bi Nane ndo msimuliaji. Mpe yeye na wenzie waigize hapo uwani kwako, tamthilia ukiisoma kimya kimya unaionea

Shangazi Zuhura: Ndo kikoba chetu hicho.

Kaka Rashidi: Hahaha hiyo nimeikubali, ataigiza huyu anapenda kelele. Chukua hiyo dada

Anko Sefu: Nimefika. Sasa niwaulize, hiyo Maktaba Kuu mnayokwenda iko barabara gani?

Kaka Rashidi: Bibi Titi anko. Napita kila siku na abiria

Anko Sefu: Ehee. Na huyo wa form two ukimuuliza Bibi Titi ni nani anakwambiaje

Kaka Rashidi: Nimemuuliza sa hizi. Anasema ni barabara

Anko Sefu: Ndo hapo moyo unaponiuma. Titi Mohamed mtoto wa hapa hapa Dar, kazaliwa 1926, alikuwa muimbaji wa kuongoza kwenye kikundi cha ngoma cha Bomba. TANU, chama kilichodai uhuru, imeanza 1954, mwaka unaofuata akaja mgeni wa chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, akauliza wanawake wenu wako wapi. Ndo Titi akachukua kitengo cha wanawake. Na aliwapata vipi? Alipita kwenye vikundi vya ngoma, kikundi kwa kikundi, maana kule wanawake walikuwa tayari wana viongozi wao, wana michango yao, wana mahali pa kukutania na wanaaminiana. Mama anayeuza vitumbua alikuwa na kadi ya TANU wakati karani wa serikali anaogopa kazi yake. Sisi tulifundishwa uhuru kama kazi ya wanaume watano sita waliovaa suti, wale kina mama wakatajwa mstari mmoja kwamba walipika na kushangilia

Anko Sefu: Na mfundisheni na ile ya pili. 1969 alikamatwa, kesi ya uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha, akatoka 1972. Miaka mingi jina lake likawa halitajwi. Alifariki 2000. Leo barabara, lakini kuna watu walikua wazima hawajui kama huyu mama alikuwepo

Dada Tausi: Anko hii kwanini hujawahi kutusimulia

Anko Sefu: Hakuna aliyeuliza mwanangu

Mwanaidi: Anko shikamoo, kuna kitabu cha hayo, TANU Women cha Susan Geiger, 1997. Huyo mama alikaa na kina Bibi Titi na wenzie wakamsimulia wenyewe maisha yao, na hoja yake ndo hiyo ya kwako, kwamba wale wanawake hawakufuata siasa za watu, umoja wa makabila walikuwa nao tayari kwenye ngoma zao, TANU ndo iliwakuta. Kiingereza ila. Nitakisoma mie alafu kila sura nawarekodia sauti kwa Kiswahili hapa, shangazi na anko mnisahihishe mitaa na majina

Shangazi Zuhura: Mimi nimo. Na mtanisamehe lakini hamuwezi kufunga orodha bila Siti.

Shangazi Zuhura: Siti binti Saad, Fumba Unguja, wazazi wake ni watu waliokuwa utumwani, na yeye jina la kwanza aliitwa Mtumwa. Kazi ya nyumbani kwao kufinyanga vyungu, anavitia kichwani anakwenda mjini kwa miguu anavinadi, na ile sauti ya kunadi ndo watu wakaisikia. 1928 akapelekwa Bombay kurekodi sahani za santuri, mwimbaji wa Afrika Mashariki mwanamke hakuna aliyemtangulia. Wenye wivu wakamtungia nyimbo kwamba kaja mjini na kaniki, kama si sauti angekula nini. Sasa sikilizeni alivyojibu

Si hoja uzuri
na sura jamali
kuwa mtukufu
na jadi kubeli
hasara ya mtu
kukosa akili

Binamu Hawa (Houston): Weweee

Dada Tausi: Kawamaliza bila kumtaja mtu 🔥

Mwanaidi: Na ule wimbo wa Kijiti, mwanamke kutoka hapa Dar kaenda Unguja kutembea akauawa, muuaji, ndo huyo Kijiti, akakimbilia bara, hukumu ikawaangukia wanawake waliokuwa na marehemu. Siti akaiimba kesi nzima. Magazeti ya wakati ule wangapi walikuwa wanayasoma? Wimbo kila mtu alikuwa nao

Shangazi Zuhura: Kitabu chake ni Wasifu wa Siti binti Saad, kaandika Shaaban Robert. Mwandishi mwanaume lakini kaandika kwa adabu, na ule Kiswahili wake ukisoma kwa sauti mdomo unakuwa mtamu. Tausi kile ukikipata kianzie kwangu. Miwani ninayo mpya

Dada Tausi: Kinaanzia kwako shangazi bila mjadala. Haya mnijibu haraka nakusanya. Siti kwa shangazi. Nguzo Mama kwa Rashidi. Barua Ndefu nabaki nacho mie alafu anapokea mke wa Rashidi. TANU Women Mwanaidi. Utendi wa Mwana Kupona nitatoa nakala ya kila nyumba, ule hauna wa kuukataa. Kikikosekana kimoja nitapita duka la vitabu la TPH pale Samora au niwaulize wale wa vitabu wa Soma kule Mikocheni. Anko wewe?

Anko Sefu: Mimi nitafutie Shida ya Ndyanao Balisidya. 1975 ile, vijana wanakimbilia mjini kutafuta maisha. Nilikisoma nikiwa kijana niliyekimbilia mjini, nataka nikisome tena na umri huu

Binamu Hawa (Houston): Mie huku nasoma Wheatley na nyie. Kila Jumapili nitawatumia shairi moja nimelitia Kiswahili, mkiona nimeharibu vina mseme

Kaka Rashidi: Dada Jumamosi usipande daladala, nakuja na gari nawachukua nyote saa tatu na nusu, na huyu wa form two anakuja. Nimemwambia tukifika pale kwenye kibao cha barabara atatueleza yeye Bibi Titi ni nani kabla hatujaingia ndani, kashaanza kuniuliza Bomba walikuwa wanacheza ngoma gani na mie sijui, anko nipigie

Anko Sefu: Napiga sa hizi. Mpe simu yeye mwenyewe