Ruhr Museum ya Essen: inaonyesha maisha ya watu au ni mitambo tu?

mpenda_historia
Wakuu habari zenu. Nasoma Dortmund na natakiwa niandike ripoti kuhusu jamii ya eneo la Ruhr, huku magharibi mwa Ujerumani, ilivyobadilika tangu enzi za makaa ya mawe mpaka leo, mwalimu kaniambia nianzie Ruhr Museum pale Zollverein, mgodi wa zamani wa makaa. Swali langu, maonyesho yao yanagusa kweli watu wa kawaida, wachimbaji, wake zao, wahamiaji, au ni mashine na majengo tu? Nataka kujua watu waliishije na migodi ilipofungwa walienda wapi.

dada_maktaba
Nenda tu mdogo wangu, ila nenda na mpango. Lile jengo ndimo walimokuwa wanaosha makaa, mgodi ulifungwa Desemba 1986 na makumbusho yakaja kufunguliwa humo 2010. Unapanda eskaleta ndefu ya rangi ya machungwa mpaka mita 24 juu halafu unashuka ghorofa kwa ghorofa, unaanza na Ruhr ya leo, unapita mambo ya kale, historia ya viwanda iko chini. Sasa wengi wanamaliza nguvu zote huko juu kwenye mapicha, wakifika chini wanapita mbio, na kwa ripoti yako huko chini ndiko kwenye mali. Tunza muda wako.

Mzee Kitabu
Kijana, shika wahamiaji kwanza, bila wao hakuna Ruhr. Mwishoni mwa karne ya 19 walikuja kwa wingi watu wanaozungumza Kipolandi kutoka mashariki ya Prussia, dola la Kijerumani la zamani, pamoja na Wamasuria, watu wa Masuria huko huko mashariki, ndio maana majina kama Szepan na Kuzorra yamejaa kwenye historia ya Schalke 04, timu ya wachimbaji wa Gelsenkirchen. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Ujerumani Magharibi ikasaini mikataba ya kuleta wafanyakazi kutoka nje, Italia 1955, Uturuki 1961, na kuanzia 1963 wakaja wachimbaji kutoka Korea Kusini, mpaka 1973 serikali ikasimamisha kuajiri. Na usiruke miaka ya vita hata kidogo, maelfu kwa maelfu ya mateka na raia wa nchi zilizovamiwa walishushwa migodini kwa nguvu na wengi walikufa. Ripoti inayotaja jasho la wachimbaji bila kuwataja hao mimi naiona haijakamilika.

mpenda_historia
Shukrani sana mzee. Na baada ya migodi kufungwa?

binti_wa_takwimu
Hapo usichukulie kama migodi ilifungwa siku moja. Shida ilianza 1958, mafuta na makaa ya nje yalikuwa rahisi zaidi, mashimo yakaanza kufungwa moja moja na lile la mwisho, Prosper-Haniel la Bottrop, likafungwa Desemba 2018. Miaka 60 hiyo! Wengi walistaafishwa mapema kwa fedha za serikali, watoto wao wakapata chuo, maana Ruhr nzima haikuwa na chuo kikuu cha kisasa mpaka Bochum ilipoanza kufundisha 1965. Ila si kote kulikuwa shwari, Rheinhausen pale Duisburg wafanyakazi wa chuma walipigania kiwanda chao 1987 mpaka 1988, wakafunga na daraja la mto Rhine, familia nzima nzima zilikuwa barabarani na wake zao walikuwa mstari wa mbele. Kwa hiyo ukiuliza kuhusu wanawake anzia hapo.

Kitu kingine, lile jengo la makumbusho pale Zollverein ni zuri mno, UNESCO wameliweka kwenye urithi wa dunia 2001, na uzuri wake unaweza kukusahaulisha vumbi lililokuwa likiua mapafu ya watu. Ukitoka nenda Oberhausen kwenye mtaa wa Eisenheim, nyumba za wafanyakazi zilizoanza kujengwa 1846, miaka ya 1970 zilitaka kubomolewa wakazi wakagoma wakashinda na watu wanaishi humo mpaka sasa. Pita pale utembee kwa miguu.